Ngano Ilipoondolewa, na Ngano Iliporudishwa

Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki anapoachishwa ngano, mwili wake hubadilika kwa namna ambayo hata asiye daktari huiona. Tumbo lililofura hushuka, mapaja na matako yaliyosinyaa hujaa nyama, na kinyesi kilichokuwa kingi, cheupe na chenye uvundo hurudi kuwa cha kawaida. Uzito hupanda mapema, urefu hufuata baadaye. Mtoto aliyekuwa akilialia kutwa na kukataa kushikwa huanza kucheza, na wazazi wengi hulitaja badiliko hilo kabla hawajautaja uzito. Leo tunayahesabu mabadiliko haya kuwa matunda ya kufuata mlo usio na gluteni, ile sehemu ya ngano yenye kunata. Katika historia ya ugonjwa wenyewe yalikuwa na kazi nzito zaidi, kwa sababu kabla ya kuwepo kipimo chochote cha damu, mwili unaobadilika ndio uliokuwa ushahidi pekee wa kutafutia chanzo. Na ushahidi huo uliwapoteza madaktari njia kwa zaidi ya miaka 60. Ninachokitetea hapa ni kwamba kupona peke yake hakukumfundisha mtu jambo la uhakika. Kilichofundisha ni ngano kurudishwa sahanini, kwa makusudi na kwa kupima, na ugonjwa kurudi pamoja nayo.

Ugonjwa ulijulikana zamani. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki wa karne za mwanzo baada ya Kristo, aliandika habari za wagonjwa wanaokonda kwa sababu chakula kinawapita bila kumeng'enywa. Lakini maelezo yaliyofungua mlango wa tiba ya kisasa yalitolewa na Samuel Gee mbele ya madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, mwaka 1887, yakachapishwa mwaka uliofuata. Gee alitazama vizuri sana. Aliona kwamba ugonjwa huwapata zaidi watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, kwamba wengi huacha kukua, na akatamka kwamba kama kuna kupona, kutatokana na chakula. Kisha akasimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi, karibu lita nzima kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, mtoto akaugua tena. Msimu uliofuata wakamletea tena kome, akakataa kabisa kuwala.

Hapo Gee alikuwa na ushahidi mkononi, ila aliusoma upande mmoja. Aliangalia kilichoingizwa mdomoni, asiulize ni kitu gani kilichosukumwa kando. Mtoto anayeshiba kome hali mkate mwingi. Gee alikuwa ameagiza vyakula vya wanga vipunguzwe, akaukataa wali na unga wa mahindi, ambavyo kwa wagonjwa hawa havina madhara, kisha akaruhusu mkate uliokatwa vipande vyembamba na kuchomwa pande zote mbili. Kile kipande kikavu cha mkate, kilichodhaniwa kuwa chakula chepesi kwa tumbo dhaifu, kilibaki katika milo ya watoto wagonjwa kwa miongo mingi baada yake. Simlaumu Gee. Ngano ilikuwa chakula cha kila siku cha Ulaya, na kitu kinacholiwa na kila mtu kila siku ni kigumu kukishuku.

Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha matokeo yaliyoleta matumaini makubwa. Alikuwa amewatibu watoto wanane kwa ndizi mbivu nyingi kila siku, pamoja na maziwa, nyama, matunda na mboga, na wote wakapata nafuu. Picha zao za kabla na baada zilimshawishi kila aliyeziona. Haas alikuwa amevutiwa na habari kutoka Puerto Rico kwamba watu wa mjini waliokula mkate kwa wingi waliugua ugonjwa unaofanana na huu, ilhali wakulima waliokula ndizi walikuwa salama. Akahitimisha kwamba ndizi ina uwezo wa pekee. Katika orodha yake ya vyakula vilivyokatazwa ulikuwemo mkate, biskuti, viazi na nafaka zote, na hilo ndilo lililookoa watoto. Ndizi iliwapa nguvu mwilini bila kuwadhuru, lakini viazi, wali au muhogo vingeweza kufanya kazi ileile.

Atauliza mtu: watoto walipona, sababu ina umuhimu gani? Hoja hii ina uzito, kwa maana mlo wa Haas uliokoa maisha katika kipindi ambacho vifo vya watoto hawa vilikuwa vingi, na heshima yake anaistahili. Lakini sababu isiyo sahihi ilizaa madhara yake. Haas aliamini kwamba ugonjwa huu huponywa ukaisha. Mtoto aliyenawiri kwa mwaka mmoja au miwili alirudishwa kwenye chakula cha kawaida, mkate ukiwemo, akahesabiwa kuwa amepona. Sasa tunajua kwamba siliaki ni hali ya maisha, na kwamba dalili zake zinaweza kupungua sana ujanani huku utumbo ukiendelea kuharibika kimyakimya. Watu wa namna hiyo walikuja kujitokeza utuuzimani na upungufu wa damu usioelezeka, mifupa myepesi au mimba zinazotoka, wala hakuna aliyehusisha shida hizo na tumbo la utotoni, kwa kuwa faili lilikwisha kufungwa kwa neno "amepona".

Aliyeligeuza swali alikuwa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, aliyekuwa mkurugenzi wa Hospitali ya Watoto ya Juliana tangu mwaka 1936. Kwa mujibu wa kumbukumbu za familia yake, katika miaka ya 1930 mama mmoja kijana alimweleza kwamba vipele vya mtoto wake mgonjwa vilipungua upesi kila alipomwondolea mkate. Daktari mwingine angeweza kuyapuuza maneno hayo. Dicke akaanza kujaribu milo isiyo na ngano, na mwaka 1941, katika jarida la madaktari wa Uholanzi, akapendekeza mlo rahisi usio na mkate wala mkate mkavu. Ule mwaka tuukumbuke, kwa sababu masimulizi yaliyoenea zaidi kuhusu ugunduzi huu huanzia miaka mitatu baadaye.

Masimulizi hayo yanahusu majira ya baridi ya njaa, ya 1944 hadi 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi baada ya mgomo wa reli, na watu wapatao 20,000 wakafa. Waliosalia walikula viazi-sukari na hata vitunguu vya maua ya tulipu. Inasimuliwa kwamba katika dhiki hiyo watoto wenye siliaki walionekana kupata nafuu wakati wenzao wakidhoofika, na kwamba unga wa ngano wa msaada kutoka Sweden ulipofika na mkate kugawiwa, wakaanza kuugua upya. Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba njaa ndiyo iliyogundua chanzo cha siliaki, na Dicke alikuwa shahidi tu aliyekuwepo mahali pake. Siafikiani nao. Kwanza, wazo lilikuwa limechapishwa kabla ya njaa. Pili, wakati wa njaa hapakukosekana ngano peke yake: mafuta, sukari, nyama na maziwa navyo viliadimika, na watoto walikuwa wakipungukiwa karibu kila kitu. Ukiondoa vitu 20 kwa mara moja na mgonjwa akapata nafuu, umejua nini? Hujui kitu zaidi ya alichokijua Gee kwa kome wake. Ile baridi ilimpa Dicke sababu ya kuliamini wazo lake. Uthibitisho ulihitaji kazi ya aina nyingine, ya utulivu na ya kuchosha, wakati wa amani ambapo chakula kilipatikana na kingeweza kutolewa au kuzuiwa kimoja kimoja.

Kazi hiyo ndiyo iliyomo katika tasnifu aliyoitetea Utrecht mwaka 1950. Watoto walikaa hospitalini kwa muda mrefu, wakapimwa uzito na urefu, na mistari ya ukuaji wao ikachorwa kwa vipindi: kipindi kisicho na ngano, kipindi chenye ngano, kisha tena kisicho na ngano. Ngano ilipoondolewa, mstari ulipanda. Iliporudishwa, hamu ya kula ilipotea, kuhara kukarudi na mstari ukainama. Vivyo hivyo kwa nafaka ya rai. Kwa wali na mahindi, mstari haukuyumba. Anayeitazama michoro ya namna hii haambiwi tu kwamba mtoto amepona. Anaona mtoto yuleyule, kitandani palepale, chini ya wauguzi walewale, akipanda na kushuka kwa kitu kimoja kinachobadilishwa.

Uzito hata hivyo una udhaifu wake, maana mtoto anaweza kukonda kwa mafua. Hapa ndipo alipoingia mkemia J. H. van de Kamer wa Utrecht, aliyefanya kazi pamoja na Dicke na daktari H. A. Weijers. Yeye na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka 1949 njia ya haraka ya kupima mafuta katika kinyesi, na inafaa kuielezea, maana ugunduzi huu ulipitia humo. Kinyesi cha siku kadhaa kilikusanywa chote bila kupotea, kikapimwa uzito na kuchanganywa hadi kiwe sawa. Sehemu yake ilichemshwa katika spiriti yenye potashi kali, mafuta yakageuka sabuni. Ikatiwa asidi, asidi za mafuta zikajitenga, zikavutwa kwa kiyeyushi, kisha zikapimwa tone kwa tone hadi rangi ya dawa ilipogeuka. Daktari alijua mtoto amekula mafuta kiasi gani na kiasi gani kimetoka, na tofauti ndiyo iliyokuwa imeingia mwilini. Ngano iliporudishwa, mafuta yaliyopotea yaliongezeka. Kwa hiyo hapakuwa tena na ubishi wa macho ya daktari huyu na macho ya yule. Mabadiliko ya mwili yalikuwa yamepewa namba, na namba hizo zilichapishwa kimataifa mwaka 1953.

Lakini ngano ina mengi ndani yake. Haas na wengine wengi walikuwa wameulaumu wanga, na mashtaka hayo yalihitaji jibu. Jibu lilipatikana kwa njia ambayo mtu yeyote aliyewahi kukanda unga wa chapati anaweza kuijaribu. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, uliminye chini ya maji yanayotiririka. Maji yatakuwa meupe kwa wanga unaotoka, na hatimaye mkononi litabaki donge dogo la kijivu linalovutika na kunata. Hiyo ndiyo gluteni, na mtaalamu wa Bologna, Jacopo Beccari, alikuwa ameitenganisha hivyo tangu karne ya 18. Mjini Birmingham, Charlotte Anderson na wenzake waliwapa watoto wagonjwa sehemu hizi mbili mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 1952: wanga wa ngano haukuwadhuru, gluteni iliwarudisha ugonjwani. Kundi la Uholanzi lilifika penye hitimisho hilohilo na kuisogelea zaidi sehemu ya gluteni iitwayo gliadini. Kwa mara ya kwanza ilieleweka ni kwa nini kome wa Gee na ndizi za Haas vilisaidia, na kwa nini kile kipande cha mkate mkavu kiliharibu.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito wote. Je, haukuwa ukatili kumlisha mtoto aliyekwisha kupata nafuu kitu kinachodhaniwa kuwa sumu kwake? Kwa maadili ya utafiti ya leo, majaribio mengi ya zama zile yangehitaji ridhaa iliyoandikwa na uangalizi mkali zaidi, na si vibaya kulisema. Tukumbuke lakini kwamba ngano ilikuwa chakula cha kawaida cha watoto hao, na katika hospitali nyingine wagonjwa kama wao walikuwa bado wakipewa mkate kwa nia njema. Bila uthibitisho, mlo wa Dicke ungebaki mlo mmoja kati ya mingi iliyokuwa ikishindana, sawa na wa ndizi, na kila daktari angeendelea na wake. Watoto wale walirudishiwa ugonjwa kwa majuma kadhaa ndani ya hospitali. Kutojua kulikuwa kukiwarudishia wenzao ugonjwa huo kwa miaka, na wengine hawakuinuka.

Baada ya hapo ushahidi ulihama kutoka mizani hadi ndani ya utumbo. Mwaka 1954 J. W. Paulley wa Uingereza alieleza uharibifu aliouona katika vipande vya utumbo vya wagonjwa watu wazima vilivyopatikana wakati wa upasuaji. Miaka miwili baadaye Margot Shiner alifanikiwa kuchukua vipande hivyo kwa mrija, bila kisu cha tumboni, na mwaka 1957 Mmarekani William Crosby na mwenzake walitangaza kidonge cha chuma chenye tundu ubavuni. Mgonjwa alikimeza kikiwa kimefungwa kwenye mrija mwembamba, daktari akasubiri kifike utumboni, akavuta hewa. Ngozi ya utumbo ikaingia tunduni, wembe mdogo ukaikata, kidonge kikavutwa juu. Utumbo mwembamba wenye afya umejaa vinyweleo vilivyosimama kama nyuzi za zulia, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki vimelala au vimetoweka kabisa. Cyrus Rubin wa Seattle alionyesha mwaka 1960 kwamba uharibifu wa watoto na ule wa watu wazima ni uleule, hivyo magonjwa yaliyodhaniwa kuwa mawili yakawa moja. Na madaktari wa watoto wa Ulaya walipokutana Interlaken, Uswisi, mwaka 1969, waliweka masharti yaliyofuata mantiki ya Dicke hatua kwa hatua: kipande kimoja cha utumbo mtoto akila gluteni, cha pili baada ya kuiacha, cha tatu baada ya kurudishiwa.

Uchunguzi huo ulifichua pia kwamba mwili hauponi wote kwa mwendo mmoja. Kuhara kunaweza kukoma mapema, damu ikaongezeka kwa miezi, kingamwili katika damu zikashuka polepole, na mifupa ikachukua muda mrefu zaidi. Kwa watu wazima utumbo ndio unaochelewa. Utafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba miaka 2 baada ya kuanza mlo, ni asilimia 34 tu ya watu wazima waliochunguzwa ambao utumbo wao ulithibitika kupona; baada ya miaka 5 walifika asilimia 66. Mabadiliko mengine hayafurahishi. Wapo wanaofunga choo kwa kupungukiwa nyuzi za nafaka, na wapo wanaonenepa kupita kiasi kwa sababu utumbo sasa unafyonza kila kitu, au kwa sababu biskuti na mikate isiyo na gluteni mara nyingi ina mafuta na sukari nyingi. Mtu anayejihisi mzima hawezi kuujua utumbo wake kwa hisia hiyo, na hili ni somo lilelile la Haas katika sura nyingine.

Wasomaji wa Afrika wanaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo ilijibiwa na watoto wa Wasahrawi. Mwaka 1999 wataalamu wa Italia walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wapatao 1,000 wa jamii hiyo, ambao wengi wao huishi katika kambi za wakimbizi jangwani karibu na Tindouf, Algeria. Waliokutwa na siliaki walikuwa asilimia 5.6, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha Ulaya, ambako ni takriban mtu 1 katika 100. Wasahrawi walikuwa wafugaji walioishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ukoloni na kisha chakula cha msaada vikauleta mkate wa ngano mbele ya kila mtoto. Bila vinasaba vinavyohusika ugonjwa usingewapata, na bila ngano usingejitokeza. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako ugali, wali, ndizi na muhogo havina gluteni, ulaji wa mkate, chapati, mandazi na tambi umeongezeka mijini. Daktari anayemwona mtoto amedumaa, anahara na hana damu, ana haki ya kuwaza minyoo na utapiamlo kwanza, lakini asiishie hapo.

Tangu mwaka 1997, Detlef Schuppan na wenzake nchini Ujerumani walipotambua kimeng'enya cha mwilini ambacho kingamwili za wagonjwa hukishambulia, kipimo cha damu kimekuwa rahisi na cha kuaminika. Kwa watoto wenye kingamwili nyingi sana, madaktari wa Ulaya wanaweza siku hizi kuthibitisha ugonjwa bila kuchukua kipande cha utumbo. Lakini vipimo vyote hivi vinategemea mgonjwa awe bado anakula ngano. Akiiacha, kingamwili hushuka, vinyweleo huota, na ushahidi hufutika. Ili kuupata tena italazimu ale ngano kwa wiki kadhaa na kuumwa upya, kama watoto wa Dicke. Hata hivyo watu wengi leo huacha ngano kwa ushauri wa jirani, wanajisikia vizuri, kisha hawajui kama wanaumwa siliaki inayodai mlo mkali maisha yao yote na kupimwa kwa ndugu zao wa damu, au kama tumbo lilitulia kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo wewe unayeishuku ngano, kwa ajili yako au ya mwanao, nenda ukapimwe damu kwanza ukiwa bado unaila. Majibu yakithibitisha siliaki, hapo iache kabisa, na usiirudie hata siku utakapojiona umepona.